Nusu Fundo

Kamba yangu ina mafundo thelathini,
kila fundo shubiri moja ya mkono wangu.
Alfajiri, kabla ya moto wa chai,
naiteremsha kisimani kwa Bi Zuwena
nahesabu mpaka jiwe lilowe.
Kumi na saba.
Kesho yake kumi na saba.
Wiki Famau alipoleta mashine kutoka Malindi:
kumi na tisa.
Naandika. Daftari ni la mwanangu wa darasa la tano,
ukurasa huu kugawanya,
ukurasa huu kina.

Hawakunichagua kwa elimu.
"Mwanaharusi hasahau deni," alisema mtu wa nyuma,
Kipungani nzima ikacheka,
nikawa karani wa maji.

Mkutano wa kwanza alikuja afisa
na neno lake, ushirikishwaji,
refu kama foleni ya ndoo.
Alitandika ramani juu ya dawati:
vilima vyetu vya mchanga vilikuwa doa la manjano,
visima havikuwemo.
Tulitia sahihi za mahudhurio, tukanywa soda,
akaondoka na boti ya saa nane.
Sahihi zetu zikaenda naye.
Kiu ikabaki.

Wa pili tuliuita wenyewe.
Hapakuwa na soda.
Wanawake walikuja na ukili wao,
wakasuka huku wakibishana,
na mtu aliposema uongo
vidole vilisimama.

Famau akainuka: "Kisima ni changu.
Kakichimba babu yangu. Na mai yalo ndani ni yangu."
Shee, kijana wa punda, akajibu kutoka mlangoni:
"Basi mwambie punda wangu,
maana kwako amekataa kunywa."

Kabla kicheko hakijawa ugomvi
nilitoa vikombe vya kahawa vya Lali,
visima saba, vikombe saba,
chini ya kila kimoja alama ya mkaa.
Nikamwambia Famau: onja,
tuonyeshe kilicho chako.
Akanywa kama mtu anayekagua mahari.
Cha kwanza, cha pili. Cha tatu akakisifu.
Cha tano akafumba jicho moja,
akatoka kutema nje.
"Haya ya bahari nani kayachota?"

Nikakipindua.
Hakuna aliyecheka,
na hilo, nadhani, lilimuuma zaidi.

Nikasema nilichokuwa nacho:
chini ya mchanga huu matamu yamelala juu ya chumvi
kama samli juu ya mchuzi.
Ukiteka kwa upawa, unapata samli.
Ukikoroga,
sote tunakula ulichokoroga.

Tulikubaliana kabla ya adhuhuri, si kwa furaha.
Mashine siku mbili kwa wiki.
Ndoo kumi kila nyumba,
kumi na tano penye mzazi,
na penye maiti hakuna kuhesabu.
Punda baada ya watu.
(Punda hakuulizwa.)
Bi Zuwena alikataa kutia kidole gumba,
akasema kisima chake hakijawahi kufungwa kwa karatasi,
lakini jioni alimrudisha mjukuu wake
na ndoo ya kumi na moja.

Usiku wa Jumatano nikasikia mngurumo.
Pengine boti. Pengine upepo kwenye mabati.
Niliandika: *sauti, sina hakika*,
nikalala vibaya.

Wiki nne. Mvua haijaonekana.
Leo, gizani, namkuta Famau ameketi ukingoni,
tochi kwapani, hakusalimu.
Aliishika kamba upande wa pili
tukaiteremsha pamoja.

"Ngapi?"
"Kumi na nane na nusu."
"Nusu umeitoa wapi?"
Nikamwonyesha fundo: chini limelowa,
juu kavu.
Akaligusa kwa kidole, akakilamba kidole.
Akakaa kimya muda wa kujaza ndoo.

"Iandike," akasema.
"Na ile ya Jumatano iandike vyema.
Haikuwa boti."